Filamu ya zamani ya safura, ile ya mradi wa Vugiri miaka ya 1930: inaangaliwa wapi?

Mwalimu_AfyaMazingira ameuliza:

Wakuu, habari zenu. Natafuta njia ya kuangalia filamu fupi ya elimu ya afya kuhusu safura, iliyotengenezwa na Bantu Educational Kinema Experiment (BEKE), wale waliokuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara, kuanzia 1935 hadi 1937. Kwenye maandishi inatajwa kwa jina "Tropical Hookworm", 1936. Nikiandika jina hilo YouTube zinakuja video za kisasa za maabara tu.

Ni kwa somo la historia ya elimu ya afya, darasa la wanafunzi 40 hivi, na intaneti ya chuo inasuasua. Nataka kujua kama nakala ipo na iko mikononi mwa nani, kama inapatikana mtandaoni au lazima niandike kuomba, na kama ina sauti ya Kiswahili, maana mradi ule ulizunguka vijijini ukisema na watu kwa lugha zao. Ikishindikana, ni filamu gani ya zama zile inaweza kushika nafasi yake?

Mtunza_Nyaraka:

Mwalimu, nakala ipo. BEKE walitengeneza filamu 35, na zilizosalia kwenye hifadhi ya taifa ya filamu ya Uingereza, yaani BFI National Archive, ni tatu tu: hiyo ya safura, "Veterinary Training of African Natives", na ile ya mashamba ya Kingolwira, "African Peasant Farms". Zote ni za 1936. Unayoitaka imo. Anayetafuta zile 32 nyingine atapata maandishi tu, picha hakuna.

Kutafuta kunakwama kwa sababu ya maneno. Jina la mradi ni "Kinema", kwa K. Ukiandika "Cinema" peke yake unaweza kukosa baadhi ya kumbukumbu, kwa hiyo jaribu zote mbili. Ugonjwa nao kwenye kumbukumbu za zamani huandikwa "ankylostomiasis" au "anchylostomiasis", na nchi ni "Tanganyika Territory". Tafuta kwa mchanganyiko wa hayo, si kwa jina la filamu peke yake.

Kituo cha kwanza ni colonialfilm.org.uk. Hapo zimeorodheshwa filamu zaidi ya 6,000 za makoloni ya Uingereza, lakini zinazoweza kuangaliwa hapohapo ni kama 150. Kwa hiyo ukurasa wenye muhtasari mzuri hauna maana kwamba video ipo. Soma ukurasa wote hata kama hauna picha: filamu muhimu zina maelezo ya muktadha na uchambuzi, na kwa somo la historia hayo yana thamani sawa na filamu yenyewe. Nakili namba ya utambulisho, urefu wa mkanda na jina la mzalishaji jinsi yalivyoandikwa. Utayahitaji kwenye barua.

Ukikuta kisanduku cheusi kisichocheza, kwenye tovuti yoyote ya kumbukumbu na si hiyo tu, usianze kulaumu bando. Fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu ya Network, pakia ukurasa upya kisha bonyeza cheza. Ikitokea 404, faili limeondolewa au limehamishwa. Ikitokea 403, umezuiwa, mara nyingi kwa sababu ya nchi uliyopo. BFI Player, huduma ya video ya BFI, kwa mfano, imetengwa kwa walio Uingereza. Isipotokea kitu kabisa, kuna uwezekano mkubwa kwamba ukurasa ulijengwa kwa Flash, programu ya zamani ya kuchezesha video mtandaoni, ambayo Adobe waliacha kuihudumia mwishoni mwa 2020, na vivinjari vya sasa haviichezeshi. Watu hukimbilia Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, wakidhani itawaokoa. Maandishi itakupa, ila video za kutiririshwa huwa haikuzihifadhi.

Mtandao ukigoma, andika BFI. Hapa ndipo wengi wanapoteza miezi, kwa sababu wanaandika "naomba filamu ya safura" na kujibiwa kwa kiungo cha ukurasa wa bei. Andika hivi: jina kamili la filamu, mwaka, mzalishaji na namba ya utambulisho, kwamba ni kwa kufundishia, bila kiingilio, darasa la watu 40, mara ngapi, kwamba unataka faili la MP4 la kuangalia tu, hata likiwa na saa ya fremu juu ya picha. Kisha uliza maswali matatu yaliyotengana: je, nakala ya dijitali ya kuangalia ipo tayari? Kama haipo, kuitengeneza ni gharama gani? Na ruhusa ya kuionyesha darasani ni ada nyingine au imo humo?

Swali la kwanza ndilo lenye uzito. Hifadhi yoyote makini haichezeshi mkanda wake wa pekee kwenye mashine. Kama kuna mkanda wa kuhifadhi tu na hakuna nakala ya kuangalia, lazima kwanza itengenezwe, na gharama humwangukia aliyeomba. Kama dijitali ipo tayari, kazi inakuwa ndogo na bei hushuka sana. Kuna pia huduma ya watafiti kuangalia London kwa malipo. Kama una mwenzako anasoma huko, ni njia ya kujua filamu ina nini kabla hujagharimia nakala.

Kuhusu hakimiliki: hata pale muda wa ulinzi unapokuwa umekwisha, hifadhi hailazimiki kukupa nakala bure. Wanachokutoza ni kazi ya kuhamisha na kutunza. Usiende kwao na hoja ya "ni mali ya umma", haifungui mlango.

Santuri78:

Nijibu la sauti, maana ndilo linalowakatisha watu tamaa wakishaipata filamu.

Mradi ulianzishwa na International Missionary Council kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York, L. A. Notcutt alisimamia utengenezaji na G. C. Latham upande wa elimu. Walipiga kwenye mkanda wa milimita 16, na maneno hayakuwekwa kwenye mkanda. Yaliwekwa kwenye santuri iliyopigwa sambamba na picha. Faida yake iko wazi: picha moja, santuri nyingi, kila lugha na yake, bila kuchapa mkanda upya. Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini wote waliweza kuonyeshwa picha ileile.

Hasara ndiyo hii unayokutana nayo leo. Picha na sauti vilikuwa vitu viwili, vikatengana. Kinachohifadhiwa kwenye kopo la mkanda ni picha, kwa hiyo usiagize ukitegemea kusikia Kiswahili cha 1936. Kwenye barua uliza bayana: "je, nakala hii ina sauti yoyote, au maandishi kati ya picha, na kwa lugha gani?"

Kinachoweza kuziba pengo ni kitabu cha Notcutt na Latham wenyewe, "The African and the Cinema", Edinburgh House Press, London, 1937. Wanazieleza filamu zao, namna zilivyopigwa na jinsi watazamaji walivyozipokea. Maktaba za vyuo vikuu zenye mikusanyo ya Afrika Mashariki ndizo za kuuliza kwanza. Kiombe kwa jina la waandishi wote wawili, maana Latham pekee atakuletea vitabu vya watu wengine.

Na msichanganye mradi huu na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Ile ilikuwa ya redio na vikundi vya kujisomea. Mara kwa mara mtu anauliza "filamu ya Mtu ni Afya" na kupoteza muda akitafuta mkanda.

Dkt_Minyoo:

Mbadala ninaoupendekeza ni miwili, yote ya safura.

Wa kwanza ni "Unhooking the Hookworm", 1920, wa Rockefeller Foundation. Hauna sauti, una maandishi kati ya picha, dakika kama 10, na unaonyesha kijana wa shamba kusini mwa Marekani anavyopata ugonjwa, anavyopimwa na kutibiwa. Nyaraka za Rockefeller ziko Sleepy Hollow, New York, na filamu hii ndiyo rahisi kuipata mtandaoni kuliko zote. Kwa somo la historia inafaa mno, kwa sababu kampeni nyingi za safura zilizofuata katika makoloni zilichukua mfumo wake: onyesha mdudu kwenye hadubini, onyesha mgonjwa, onyesha choo.

Wa pili ni "Hookworm" wa Disney, 1945, katuni ya rangi iliyotengenezwa kwa ofisi ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia Amerika ya Kusini. Mfululizo huo ulifunguliwa na "The Winged Scourge" ya 1943, ile ya malaria yenye vijeba saba. Ukitaka pia filamu za kitabibu kutoka Uingereza, Wellcome Collection wana nyingi zilizowekwa wazi na leseni yake imeandikwa kwenye kila ukurasa. Isome kabla ya kupakua.

Sasa, mwalimu, tafadhali usizionyeshe hizi bila kusimama mbele ya darasa na kurekebisha. Biolojia yake bado ni sahihi: mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa kwenye udongo wa joto, wenye unyevu na kivuli ndani ya siku moja au mbili, na baada ya siku 5 hadi 10 mabuu huwa tayari kupenya ngozi, mara nyingi mguuni. Hapo filamu za zamani zinafundisha vizuri kuliko michoro ya vitabu vingi. Tiba ndiyo imepitwa kabisa. Enzi zile zilitumika thimoli, mafuta ya chenopodium na baadaye kaboni tetrakloridi, na hii ya mwisho ni sumu ya ini. Leo ni albendazole miligramu 400 au mebendazole miligramu 500, dozi moja katika kampeni za umezaji wa pamoja. Kwa watoto wa miezi 12 hadi 23 albendazole ni miligramu 200. Dhidi ya safura hasa, dozi moja ya albendazole ina nguvu kuliko dozi moja ya mebendazole. Wajawazito hawapewi katika miezi mitatu ya kwanza.

Vivyo hivyo kwenye ile ya malaria: utaona mafuta yakimwagwa juu ya madimbwi na unga wa kijani wa Paris ukinyunyizwa kuua viluwiluwi. Unga huo una aseniki. Mwanafunzi asitoke darasani akidhani ni ushauri wa kupeleka kijijini.

Jambo jingine la kuwauliza wanafunzi: filamu inamlaumu nani? Katika nyingi za zama zile mgonjwa huonekana mjinga asiyetaka choo, na mwenye shamba asiyewajengea vibarua wake choo haonekani kabisa. Simamisha filamu mahali hapo, wape dakika 10 waandike. Somo zima liko hapo.

Mwalimu_AfyaMazingira:

Shukrani sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichouliza. Barua ya BFI naiandaa kwa mtindo aliouonyesha Mtunza_Nyaraka. Wakati nasubiri nitaanza na ile ya 1920. Naomba msaada wa upande wa ufundi: kupakua kwa bando dogo, na kuweka maneno ya Kiswahili juu ya filamu isiyo na sauti.

Fundi_Projekta:

Kupakua kwanza. Filamu ikiwa Internet Archive (maktaba ya mtandaoni, archive.org), usiichezeshe kwenye ukurasa, utaunguza bando na bado huna faili. Kwenye anwani, badilisha neno "details" liwe "download", ubonyeze Enter. Utaletewa orodha ya mafaili yote na ukubwa wa kila moja. Faili la 512Kb MPEG4 kwa filamu ya dakika 10 linakaribia MB 40. La MPEG2 linaweza kufika MB 400. Kwa projekta ya darasani chukua la katikati, kwa kawaida la h.264. Lile la 512Kb litakufaa kwa simu, ila maandishi kati ya picha yatakuwa na ukungu kwenye ukuta.

Kabla ya yote angalia mwendo. Filamu za bubu zilipigwa kwa kasi mbalimbali, mara nyingi fremu 16 hadi 20 kwa sekunde, na nyingine zimehamishwa kwa 24 bila kurekebishwa. Dalili ni watu kutembea kwa kurukaruka na maandishi kutoweka kabla hujamaliza kusoma. Wakitembea kawaida, usiguse kitu. Wakikimbia, tumia ffmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video kwa kuandika amri:

ffmpeg -i safura.mp4 -vf "setpts=1.5*PTS" -an safura_polepole.mp4

Hiyo 1.5 ni ya kutoka 24 kwenda 16. Kama unaona imekuwa nzito mno, jaribu 1.2, ambayo ni ya fremu 20. Alama ya "-an" inaondoa sauti. Muziki uliobandikwa baadaye hauna kazi hapa.

Rekebisha mwendo kwanza, maneno baadaye. Ukitafsiri halafu ukabadilisha mwendo, nyakati zote zitahama na utaanza upya.

Kwa maneno una njia mbili. Manukuu: fungua Notepad, andika namba, mstari wa muda, kisha maneno, uache mstari mtupu kabla ya namba inayofuata:

1
00:00:12,000 --> 00:00:17,500
Mabuu hawa hupenya ngozi ya mguu
usio na kiatu.

Hifadhi kwa jina lilelile la video, mwisho uwe .srt, na kwenye Encoding chagua UTF-8. Mistari miwili tu kwa mara moja, kila mmoja usizidi herufi 40. Maneno ya Kiswahili ni marefu kwa sababu ya viambishi, kwa hiyo usitafsiri neno kwa neno. Toa maana na uipe sekunde za kutosha. Majina mawili yasipofanana, VLC (programu ya bure ya kuchezesha video) huenda isiyasome manukuu yenyewe. Maneno yakichelewa au kuwahi, bonyeza G au H kuyasogeza.

Njia ya pili ni sauti ya msimulizi, na kwa filamu hii naipenda zaidi, kwa kuwa ndivyo BEKE walivyofanya na santuri zao. Andika hadithi yako ukiangalia picha, rekodi kwa simu kwenye chumba chenye mapazia au nguo nyingi ili mwangwi usiwepo, hifadhi kama MP3. Kisha VLC: Media, Open Multiple Files, chagua video, weka tiki kwenye Show more options, halafu Play another media synchronously, chagua MP3. Sauti ikitangulia au kuchelewa, J na K. Anza kurekodi kwa kuhesabu "tatu, mbili, moja" na ukate hesabu hiyo mahali picha ya kwanza inapoanza. Bila alama hiyo utahangaika kusawazisha.

Darasani: filamu hizi zina umbo la karibu mraba, 4 kwa 3. Projekta nyingi huzivuta zijaze ukuta, watu wanakuwa wanene. Weka Aspect iwe 4:3 kwenye projekta yenyewe. Na waya wa VGA haupitishi sauti, hivyo kama huna HDMI beba spika.

Stoo_ya_Mkoa:

Samahani kudandia uzi. Kuna makopo ya bati yenye mikanda ya milimita 16, lebo zimefutika, yanaonekana ni ya elimu ya afya ya zamani. Mashine ya kuonyeshea ipo na inawaka. Tuipitishe tuone?

Mtunza_Nyaraka:

Usipitishe, mkuu. Mashine ya zamani yenye meno makavu inaweza kuchana mkanda mita kadhaa kabla hujazima.

Fungua kopo sehemu yenye hewa, unuse. Harufu ya siki ina maana asetati, yaani plastiki ya mkanda, inaoza, na uozo huo husambaa: mkanda mmoja wenye siki unaharakisha wenzake waliofungiwa pamoja. Utenge. Usiufunge kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, maana asidi inabaki ndani. Weka kopo limelala, mahali pakavu na pa baridi kuliko pengine, si darini chini ya bati.

Kisha vaa glavu za pamba, fungua futi tatu za mwanzo kwa mkono, angalia kwa mwanga kwa kioo cha kukuzia. Mwanzo wa mkanda mara nyingi una jina na mzalishaji. Pembeni utaona neno "SAFETY". Mikanda ya 16 ilitengenezwa hivyo tangu mwanzo, kwa hiyo hofu ya kulipuka moto ni ya mikanda ya milimita 35 ya kabla ya 1951. Ukikuta ya 35, usiiguse, ita watu wa nyaraka. Pima kusinyaa: weka futi moja ya mkanda wako sambamba na futi moja ya mkanda mpya wa 16, hesabu fremu 40. Ukipungua kwa zaidi ya asilimia moja hivi, hautapita kwenye mashine ya kawaida, unahitaji mtambo wa kuskani usiotumia meno.

Urefu nao unakuambia kitu: mkanda wa futi 400 ni dakika 11 kwa fremu 24, au karibu 17 kwa fremu 16. Andika kila kopo kwa penseli, piga picha fremu za mwanzo, uziweke hapa. Kama ni za Vugiri, hatuzungumzii tena filamu tatu.